Nepi za kambani hazihesabu watoto wote

Malindi, Jumapili jioni

Mwanangu Saumu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma asubuhi nikauweka kwanza, maana ulistahili kujibiwa kwa utulivu. Umeona picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, iliyo katika kundi la nyota la Jabari, ile wanayoiita nebula ya Orion, na maelezo yanasema imeunganishwa kutoka darubini ya infraredi na darubini ya eksirei. Unauliza: ikiwa infraredi, ile mionzi ya joto, inapenya vumbi na kuonyesha nyota changa zilizojificha, eksirei ya nini tena? Na zile rangi, ni za kweli?

La rangi ni jepesi. Jicho la binadamu halioni infraredi wala eksirei, kwa hiyo hazina rangi yoyote tunayoijua sisi. Wataalamu hupanga wenyewe, hii nyekundu, hii buluu, ili tuweze kuzitofautisha. Lakini mahali pa kila nyota na mwangaza wake vimepimwa, havikubuniwa.

Sasa hilo la kwanza. Fikiria umepewa kazi ya kuhesabu watoto wachanga wa mtaa wetu bila kubisha hodi hata mlango mmoja. Utapita asubuhi ukitazama kamba za nguo. Penye nepi pana mtoto. Lakini yule aliyeacha nepi mwezi uliopita atakupita, ingawa yumo ndani na bado ni mdogo. Huyo utamjua kwa kelele zake.

Nyota huzaliwa wingu la gesi na vumbi linapoporomoka kwa uzito wake lenyewe. Mabaki hayaanguki yote. Mengine hubaki yakiizunguka nyota, yamelala bapa kama sahani. Vumbi la sahani hiyo hupata joto la nyota, nalo hutoa infraredi. Kwa hiyo nyota yenye sahani hung'aa kwa infraredi kupita nyota iliyo tupu. Hizo ndizo nepi za kambani. Na ni kweli usemavyo kwamba infraredi hupenya vumbi. Mwaka 1967 wanaastronomia Eric Becklin na Gerry Neugebauer walitangaza kitu king'aavyo kwa nguvu katika infraredi nyuma ya nebula hiyohiyo, mahali ambapo darubini ya kawaida haikuonyesha kitu.

Tatizo linaanza sahani inapokwisha. Nyota changa iliyopoteza sahani yake hufanana, katika infraredi, na nyota yoyote nzee iliyo mbele au nyuma ya wingu, na upande ule wa anga zimo nyingi. Darubini inaiona vizuri kabisa. Isichojua ni kama huyu ni mtoto wa nyumba au mpita njia.

Hapo ndipo eksirei inapoingia, na naomba usiiwaze ile mashine ya hospitali. Mashine ile hurusha mionzi ipite mwilini. Darubini hairushi chochote, inapokea tu, na mionzi imetoka kwa nyota zenyewe. Nyota changa huzunguka kwa kasi na gesi ndani yake inachemka, na hayo mawili huzalisha sumaku kali. Nguvu hizo za sumaku hujisokota, hukatika, hujiunga upya, na kila zinapofanya hivyo gesi iliyo juu ya nyota hupata joto la mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto hilo hutoa eksirei. Nyota changa yenye uzito kama wa Jua hutoa eksirei mara maelfu kuliko Jua letu la leo, kwa kuwa Jua limekua na limetulia. Na mtoto hulia awe na nepi au asiwe nayo.

Januari 2003 Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ilielekezwa kwenye nebula hiyo kwa muda wa siku kumi na tatu hivi. Ilipata vyanzo 1,616 vya eksirei, na takriban 1,400 kati yake ni nyota changa za hapo hapo. Vilivyobaki, vingi ni galaksi za mbali sana ambazo eksirei yake ilipenya wingu lote hadi kutufikia. Waliona pia kwamba nyota changa zinazofanana na Jua hutoa mlipuko mkali wa eksirei kama mara moja kwa wiki. Mimi jambo hilo bado linanishangaza. Jua hili linalotuunguza hapa Malindi liliwahi kuwa hivyo, na sayari zake zilikuwa bado vumbi.

Lakini usije ukadhani eksirei sasa inatosha peke yake. Nyota ndogo kabisa sauti yake ni hafifu, na zilizozama ndani sana ya wingu eksirei zake laini humezwa njiani. Hizo infraredi ndiyo huziokota. Kila moja inajaza pengo la mwenzake.

Na faida yake si idadi tu. Ukishawapata watoto wote, unaweza kuuliza: ni wangapi bado wana sahani? Swali hilo limeulizwa kwa makundi ya nyota yenye umri mbalimbali. Katika miaka milioni tatu hivi, karibu nusu ya nyota huwa zimeshapoteza sahani zao. Ikifika milioni kumi, ni chache mno zilizobaki nazo. Sahani ndiyo shamba la sayari. Sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii lazima ijikusanye kabla gesi haijakwisha, kwa hiyo muda wake ni huo, hauongezwi. Ungehesabu kwa infraredi peke yake, ungewaona wenye nepi tu, ukasema watoto wote wa mtaa wamevaa nepi. Kosa hilo lingeharibu hesabu yote ya lini sayari huumbwa, pamoja na hii tunayoikanyaga.

Kuna jambo moja hukuuliza, lakini wewe ni mtoto wa Malindi na nataka ulijue. Hewa yetu huzuia eksirei ya nyota isifike ardhini, kwa hiyo chombo cha kuitazama ni lazima kipande juu ya hewa. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kazi hiyo ilirushwa hapa petu, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini upande wa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Siku ya Jamhuri, miaka saba kamili tangu Kenya ijitawale, ndiyo maana wakaiita Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na Chandra iliyorushwa 1999 imetoka katika njia aliyoifungua yeye. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati ule, na hakuna mwalimu aliyetutajia. Nilikuja kulijua nikiwa nafundisha fizikia tayari. Tangu siku ile hakuna darasa langu lililoondoka bila kulisikia.

Januari ukija likizo, tutatandika mkeka juu ya dari kama zamani. Wakati wa kaskazi Jabari hufika karibu utosini kabla ya saa nne usiku. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, kisha ushuke kwenye zile ndogo zinazoning'inia kama upanga. Ya katikati ina ukungu kidogo, ndiyo hiyo. Nuru utakayoiona itakuwa imesafiri miaka 1,300 hivi. Njoo na ile darubini ya macho mawili ya marehemu babako, iko kwako tangu Idi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mamako