Plagi za Toyota IST: Je, Ninaweza Kuzibadili Mwenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa wiki kadhaa sasa, nikisimama kwenye foleni injini hutikisika, na nikikanyaga mafuta gari hulegea kidogo kabla ya kushika mwendo. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri nizitoe plagi, nizisugue kwa brashi ya waya na petroli, kisha nizirudishe. Je, ushauri huo ni sahihi, na kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kazi unaiweza, lakini brashi ya waya iache. Brashi hiyo huacha chembe za chuma kwenye kauri ya plagi, umeme ukapita humo badala ya kuruka kwenye ncha. Na kama plagi zako ni za iridiamu, ncha yake nyembamba kama sindano haistahimili kusuguliwa. Kwa kuwa hujui mwenye gari wa kwanza aliziweka lini, nunua mpya zote nne, za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uhakikishe pengo la ncha ni milimita 1.1.

Fanya kazi asubuhi, kabla gari halijawashwa, kwa sababu kichwa cha injini hiyo ni cha aluminiamu na uzi wake wa kukazia plagi ukiwa wa moto huchunika upesi. Ukishaondoa kifuniko cha plastiki utaziona koili nne, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, kila moja imeshikwa na bolti ya milimita 10. Bonyeza kwanza ulimi wa soketi ya waya ndipo uivute, wala usivute waya wenyewe, maana plastiki ya magari haya imekauka kwa joto la miaka mingi na hukatika kwa kuguswa tu. Koili ikitoka, puliza vumbi lililo shimoni kabla ya kulegeza plagi, la sivyo mchanga wote utaangukia ndani ya silinda. Kwa plagi yenyewe utahitaji spana ya boksi ya milimita 16 yenye mpira ndani, pamoja na ekstensheni ndefu.

Plagi kuukuu usizitupe kabla ya kuzitazama. Rangi ya kahawia iliyopauka ni dalili njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Ncha iliyolowa mafuta ya injini inamaanisha mafuta yanapenya hadi ndani ya silinda, na hilo plagi mpya haitalitibu. Ukikuta mafuta shimoni, nje ya plagi, hapo ni mpira wa kifuniko cha valvu uliochoka, jambo lisilotisha sana.

Kurudisha ndiko kunakoharibu injini za watu. Mimi niliwahi kulazimisha kwa spana plagi iliyoingia kombo, na gharama ya kuchonga uzi upya ilizidi bei ya plagi zote nne. Shika ekstensheni kwa vidole vitupu, zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi uzi umeangukia mahali pake kwa kishindo kidogo, ndipo ukaze taratibu. Ikigoma mapema, itoe uanze upya. Ikishakaa kwa vidole, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma shingoni) huongezewa takriban nusu mzunguko kwa spana, basi.

Maliza silinda moja kabla ya kufungua nyingine. Injini ikiendelea kutikisika baada ya hapo, shaka ihamie kwenye koili: kama mashine ya kupimia hitilafu inasoma msimbo P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi, badilishana koili ya kwanza na ya pili, futa msimbo, uendeshe kidogo, upime tena. Ikisoma P0302, tatizo limehama na koili, na ni hiyo moja tu utakayonunua.