Ubao wa Futi 6 Umenishinda: Je, Tatizo ni Pezi?

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Nina miaka 24, kilo 78, naishi Malindi. Mwezi wa tano nilinunua ubao wa mawimbi kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Chini umeandikwa futi 6, upana inchi 18½, unene inchi 2¼, lita 26. Una nafasi za mapezi matatu, ila la katikati halipo. Tangu kusi ianze sijasimama hata mara moja. Nikilala juu yake unazama, na nikipiga mikono wimbi linanipita. Wenzangu wanasema ni hilo pezi. Nikilipata, nitasimama? — Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Pezi utalihitaji, lakini silo linalokuzuia. Tazama ile namba ya mwisho: lita 26.

Lita moja ya ubao hubeba takriban kilo moja majini, nawe una kilo 78. Ukilala unaudidimiza, na ukipiga mikono unakokota maji kama ngalawa iliyopakia kupita kiasi. Ubao mwembamba hivyo ni wa mtu aliyekwisha kujua. Yeye huinuliwa na mwendo wa wimbi lenye nguvu. Ghuba yetu hupata mawimbi kwa sababu hapa mwamba umekatika, lakini mengi ya msimu huu husukumwa na upepo, mafupi, hayana nguvu ya kumwinua mtu wa kilo zako.

Uchungu huo naujua. Msimu wangu wa kwanza niliuziwa ubao wa futi 6 na inchi 2, muuzaji akiapa kwamba unanifaa. Miezi mitatu nilikunywa maji ya tope la mto Sabaki, mabega yakiwaka moto, hata nikataka kuacha. Asubuhi moja mzee mmoja akaniazima ubao wa sponji wa futi 8. Wimbi la tatu nikasimama. Mikono ilikuwa ileile, miguu ileile.

Basi tafuta futi 8, upana inchi 22 hivi, unene inchi 3, lita 70 na ushee. Uwe wa sponji, maana utakuangukia kichwani mara nyingi. Ukishaweza kushika wimbi ambalo bado halijavunjika na kukata kushoto na kulia, ndipo ushuke hadi futi 7.

Sasa mapezi. Mpangilio wa matatu uliletwa na Simon Anderson wa Australia mwaka 1980, na mwaka uliofuata akashinda nao mashindano ya mawimbi ya Bells Beach. La katikati hushika tezi, yaani nyuma ya ubao, isiteleze. Ya pembeni husukuma na kugeuza. Ziko mbao za mapezi mawili, lakini mapezi yake ni makubwa. Haya yako mawili peke yake ni madogo, yatakuachia tezi ichezecheze.

Chukua pezi la pembeni ulipapase kwa kidole gumba. Upande mmoja ni bapa, wa pili umevimba kama bawa la ndege. Ubapa hutazama ndani, uvimbe nje. Ukikosea kushoto na kulia, ubao utashindana nawe. La katikati kwa kawaida huvimba pande zote mbili. Kwa kilo zako saizi ya kati (M) inatosha. Usinunue bila kwenda na pezi mkononi: lenye vijino viwili shinani ni la mfumo wa FCS, lenye shina moja refu ni la Futures, na haviingiliani.

Huo wa futi 6 usiuuze, utaurudia. Ila kagua pale pezi lilipokuwa. Kama liling'oka kwa kugonga mchanga, huenda tundu limepasuka na maji yanaingia ndani. Bonyeza kwa kidole kuzunguka tundu. Pakibonyea au pakitoa maji, usiutie tena baharini. Uanike kivulini mpaka ukauke kabisa, kisha fundi wa boti za faiba atakuzibia.