Maonyesho ya dunia pepe: mpe mgeni kazi ya mikono

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa karakana ya mwandishi wa Misri ya kale, niliyoijenga ndani ya Second Life, dunia pepe ya mtandaoni ambamo kila mtu huongoza mhusika wa kuchorwa anayeweza kutembea na hata kupaa. Kuta nilizijaza mabango ya maelezo. Wanafunzi waliingia, wakazunguka dakika mbili tatu, wakapaa juu ya paa na kwenda zao. Iliniuma sana, maana kila neno pale nilikuwa nimelitafutia ushahidi.

Nikayang'oa mabango karibu yote, nikaweka meza moja yenye bua la mafunjo, mmea ambao Wamisri wa kale waliutengenezea karatasi. Mgeni akilibofya, ganda la kijani linamenyeka. Akibofya tena, kiini cheupe kinakatwa vipande vyembamba. Anavipanga tabaka moja kwa wima, la pili juu yake kwa mlalo, kisha anagandamiza. Gundi haionekani popote, kwa hiyo hakosekani wa kuuliza: sasa vinashikanaje? Hapo ndipo ninapoeleza kwamba mmea hushikana wenyewe ukigandamizwa ungali mbichi. Jibu la swali waliloliuliza wenyewe hawalisahau.

Kabla hujaanza kujenga, jiulize dunia pepe itampa mgeni nini asichokipata kwenye picha. Mwaka 2007 Chuo cha Vassar cha Marekani kilijenga Kanisa la Sistine la Vatikani humo humo Second Life, na mgeni aliweza kupaa hadi kwenye dari aliyoichora Michelangelo, akaitazama kwa karibu. Katika kanisa lenyewe dari hiyo iko kama mita 20 juu ya kichwa chako.

Halafu kuna vipimo. Chumba changu nilikijenga kwa vipimo halisi, kikawa hakiingiliki: kamera, yaani jicho ambalo mgeni huonea, hukaa nyuma ya mhusika wake, juu kidogo ya kichwa chake, ikawa inagonga ukuta kila anapogeuka. Panua chumba, inua dari, lakini mwambie mgeni kwamba umefanya hivyo. London Charter, mwongozo wa kuonyesha mambo ya kale kwa kompyuta, toleo la 2009, unataka ushahidi utofautishwe wazi na makisio. Mimi kila nilichokisia nakipaka kijivu, na watoto huuliza zaidi kuhusu vitu hivyo vya kijivu kuliko vingine vyote.

Tena usiache kazi yako mahali pamoja. AltspaceVR, dunia pepe nyingine, ilifungwa Machi 2023, na kumbi zilizojengwa humo zikafungwa nayo. Maumbo yangu yote nina nakala zake kwenye diski yangu, pamoja na daftari linaloonyesha kila kitu nilikitoa wapi.