Maswali ya wasomaji: Trac kwa seva yake ndogo, inatosha ofisini?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za Trac, ile programu ya kusimamia miradi yenye tiketi (kazi au tatizo moja moja lililoandikwa ili lifuatiliwe), wiki (kurasa za maelezo ambazo timu yenyewe inaziandika) na ratiba ya kazi, na karibu zote zinazungukia tracd, seva ndogo inayokuja ndani ya Trac yenyewe. Nimechagua chache zinazogusa watu wengi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi ni timu ndogo hapa Morogoro, tunatengeneza mifumo ya shule na zahanati. Kazi tunagawana kwenye grupu la WhatsApp na sasa imetushinda, huyu anasema nilikwambia, yule anasema hukuniambia, mteja anasubiri. Trac nimeipenda ila kila maelezo ninayosoma yanataka kwanza niweke Apache, ile seva kubwa ya wavuti, na mambo kibao. Mwenzangu akanionyesha tracd, mwingine akasema hiyo ni ya kujaribia tu, sio ya kazi. Tushike lipi?

Mdogo wangu, shika tracd na muanze wiki hii hii. Hayo maneno ya "ni ya kujaribia tu" yanasemwa sana na yanawachelewesha watu bure, timu inakaa miezi bila mfumo wa tiketi kisa bado haijaielewa Apache.

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi ndo utaona kwa nini nasema hivyo. Trac imeandikwa kwa Python, lugha ya kutengenezea programu. Zamani wengi waliiendesha kwa njia ya CGI, yaani kila mtu akibonyeza ukurasa seva inaamsha Python upya, inapakia Trac nzima, inatoa huo ukurasa mmoja halafu inaua kila kitu, na akibonyeza mwingine inaanza tena mwanzo. Hapo ndo watu walikuwa wanalalamika Trac ni nzito. tracd yenyewe inapakia mara moja tu na inabaki imewaka, maombi yakija inayajibu kwa nyuzi tofauti, kwa hiyo watu kadhaa wanafungua kwa wakati mmoja bila shida. Kwa kasi inaipita CGI mbali sana, na kwa timu ya ofisi moja hamtaifikisha kikomo.

Kuiweka ni hivi. Kama Python 3 ipo kwenye mashine, tengeneza mazingira yake ya pembeni kwanza (venv) ili usichanganye na Python ya mfumo, halafu:

`pip install Trac`

`trac-admin /srv/trac/kazi initenv`

Hiyo ya pili itakuuliza jina la mradi na databesi, kwenye databesi bonyeza tu enta ikupe SQLite, databesi inayokaa kwenye faili, usihangaike na PostgreSQL, ile inayotaka seva yake, kwa sasa. Kisha:

`tracd -s --port 8000 /srv/trac/kazi`

Fungua brauza, andika localhost:8000 (localhost ni mashine hiyo hiyo uliyopo), umemaliza. Ile -s inaiambia tracd mradi ni mmoja tu, kwa hiyo anwani haitakuwa na jina la mradi katikati. Mkija kuwa na miradi mingi, kila mteja na wake, iondoe hiyo -s na badala yake uweke -e ikifuatwa na folda mama, yaani `-e /srv/trac`, ukifungua ukurasa wa mwanzo utakuta orodha ya miradi yote iliyomo humo.

Na poti, ile namba ya mlango ambao seva inasikilizia, usiitoe 8000 ukaipeleka 80 kwa sababu tu unataka anwani fupi. Poti zilizo chini ya 1024 kwenye Linux kwa kawaida zinataka ruhusa za root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mashine, na seva ya wiki haina sababu yoyote ya kuendeshwa kama root. Hilo nakusisitiza kabisa.

SWALI: Kwangu inafunguka vizuri, wenzangu wakiandika anwani ya laptop yangu haifunguki. Tupo waifai moja. (Msomaji, Tanga)

Angalia kwanza ulivyoiwasha. Kama uliweka `--hostname=127.0.0.1` basi inasikiliza ndani ya mashine yako peke yake, wengine hawawezi kuifikia hata wafanyeje. Usipoiweka kabisa itasikiliza kila upande. Kama upande huo uko sawa, tazama faiawoli, kile kizuizi cha maombi yanayotoka nje, kwenye Ubuntu inaitwa ufw, ifungulie poti 8000. Bado? Basi kagua kama waifai mliyopo ni ile ya wageni, nyingi zimepangwa vifaa visionane.

Halafu omba anwani ya mashine iwekwe moja ya kudumu kwenye ruta, maana leo ni 192.168 fulani, kesho ruta ikizimwa ikiwashwa inakuwa nyingine na nyote mtadhani Trac imekufa. Na kiukweli laptop ya mtu sio mahali pa kuweka hii kitu, ukiondoka nayo jioni timu nzima imebaki bila tiketi. Tafuteni kompyuta ya zamani ibaki ofisini, hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana, inatosha.

SWALI: Dada yenu wa Mombasa hapa. Nimefuata maelekezo ya paswedi lakini nikibonyeza Login inaniambia taarifa za kuingia hazipatikani nikasome maelezo ya usakinishaji. Faili la paswedi lipo na nimelihakiki. Pia jambo la pili, mgeni alikuja ofisini akapewa waifai, akafungua Trac yetu na akasoma tiketi zote bila kuingia! Hii ni kawaida?

Dada yangu, asante kwa kuandika, maana hilo la pili ni zito na wengi hawajui kama limo kwao.

Tuanze na la kwanza. tracd inapokea paswedi hivi:

`--basic-auth="kazi,/srv/trac/watumiaji,Ofisi"`

Vipande ni vitatu vinatenganishwa na koma na bila nafasi kati yao. Kipande cha kwanza ndo kinachowaumiza watu, wanaandika njia nzima, /srv/trac/kazi, kumbe hapo inatakiwa jina la mwisho la folda tu, yaani kazi. Ukiandika njia nzima tracd inatafuta mradi wenye jina hilo, haiupati, kwa hiyo kwa mradi wako inaona hakuna paswedi zilizowekwa, ndo unapewa huo ujumbe. Haihusiani na faili lako, faili liko salama. Kama una miradi mingi inayotumia watumiaji walewale weka nyota badala ya jina. Kipande cha pili ni faili lenyewe, cha tatu ni jina linalotokea kwenye kidirisha cha kuingilia.

Faili unalitengeneza kwa amri ya htpasswd, na hapo kuna mtego: mtumiaji wa kwanza unaweka `-c`, wa pili na kuendelea usiiweke tena, kwa sababu -c inaanzisha faili jipya na kufuta waliokuwemo. Kuna ofisi zimejikuta asubuhi anaingia mtu mmoja tu, yule aliyeongezwa jana.

Sasa la mgeni. Ndiyo, ni kawaida, Trac ikiwa mpya kabisa mtu asiyeingia, ambaye yenyewe inamwita anonymous, anaruhusiwa kuangalia karibu kila kitu, tiketi, wiki, ramani ya kazi, hata kodi (maandishi ya programu zenu) kama umeiunganisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya miradi ya wazi na hadi leo miradi mikubwa kama Django na WordPress inaweka tiketi zake kwenye Trac ambapo mtu yeyote duniani anasoma, na kwao hilo ndo jambo jema. Kwenu nyie mnaoandika majina ya wateja na matatizo ya mifumo yao haifai hata siku moja.

Wengi wakigundua wanakimbilia kumnyang'anya anonymous kila kitu, halafu wanashangaa hata wafanyakazi wenyewe wakiingia hawaoni chochote. Sababu ni kwamba aliyeingia anarithi ruhusa za anonymous kisha anaongezewa zake za authenticated, yaani kundi la walioingia, na hizo zake za mwanzo ni za kufungua na kuhariri tiketi na kurasa za wiki tu, zile za kutazama alikuwa anazipata kwa kurithi. Kwa hiyo anza kwa kuwapa walioingia ruhusa za kutazama:

`trac-admin /srv/trac/kazi permission add authenticated TICKET_VIEW WIKI_VIEW TIMELINE_VIEW ROADMAP_VIEW MILESTONE_VIEW REPORT_VIEW SEARCH_VIEW`

na zile za kodi, BROWSER_VIEW na wenzake, kama mnazitumia. Ukishamaliza ndo uondoe za mgeni:

`trac-admin /srv/trac/kazi permission remove anonymous '*'`

Hiyo nyota iache ndani ya alama zake kama ilivyo, bila hizo terminali itaigeuza kuwa majina ya mafaili. Kisha fungua dirisha la faragha kwenye brauza, ingia bila paswedi uone mwenyewe kama mlango umefungwa. Na wewe mwenyewe jipe TRAC_ADMIN ili mengine uyafanye kwa kubonyeza badala ya kuandika amri.

SWALI: Mteja wetu yuko Dodoma anataka kufuatilia tiketi zake kupitia intaneti. Nifungue poti 8000 kwenye ruta tu basi?

Hapana ndugu yangu, usifanye hivyo. tracd haina HTTPS, ile njia ya kusafirisha kurasa zikiwa zimefichwa, ndani yake. Paswedi ya ile basic-auth inasafiri ikiwa imegeuzwa sura kwa base64 tu, na base64 sio kuficha, yeyote anayesikiliza njiani anaisoma kwa sekunde. Ndani ya ofisi yenye kebo zenu unaweza kusema sawa, kwenye intaneti ni hatari.

Kinachofanyika ni kuweka nginx, seva nyingine ya wavuti, mbele. tracd unairudisha kwenye `--hostname=127.0.0.1` isisikike nje kabisa, nginx ndo inapokea watu kwa HTTPS na kupitisha maombi nyuma, cheti cha HTTPS unachukua bure Let's Encrypt, kinadumu siku 90 ila kuna programu inakihuisha yenyewe. Paswedi ziache kwa tracd, nginx inapitisha kichwa cha kuingilia bila kukigusa. Kitu kimoja kitakusumbua hapo: ukihifadhi tiketi unaweza kurushwa kwenye anwani ya http au ya 127.0.0.1, sababu Trac haijui kuwa kuna mtu mbele yake. Fungua conf/trac.ini, faili la mipangilio ndani ya folda ya mradi, kwenye sehemu ya [trac] weka base_url yenye anwani yako kamili ya https na use_base_url_for_redirect iwe true.

Kama ni huyo mteja mmoja na anajua kompyuta kidogo, mpe njia ya WireGuard, yaani mtandao wa faragha (VPN) kati yake na ofisi, na usihangaike na intaneti ya wazi. Mimi kwa watu wachache ningeanza na hiyo.

SWALI: Umeme ukikatika tracd haijiwashi, lazima mtu aje aiwashe. Na je tiketi zinaweza kupotea? Tunatumia SQLite. (Msomaji, Kahama)

Kujiwasha ni kazi ya systemd, ile sehemu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma. Unaandika faili dogo la huduma, ndani yake unataja mtumiaji wa kuiendesha, mfano trac, amri nzima ya tracd kuanzia njia yake kamili, na `Restart=on-failure`, halafu `systemctl enable`. Ile alama ya `-d` ya kuipeleka nyuma iondoe, systemd inataka kuishika mkononi yenyewe. Ikiwaka lakini inalalamika databesi haiandikiki, ujue siku ya kwanza uliiwasha kama root na mafaili yakabaki ya root, yarudishe kwa yule mtumiaji kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, folda nzima sio trac.db peke yake, kwa kuwa SQLite inatengeneza faili lake la muda pembeni ya databesi na folda ikiwa imefungwa inakwama.

Umeme kukatika katikati ya kuandika, SQLite imejengwa kwa hali hiyo, ikirudi inafuta ile kazi ya nusu na kubaki na iliyokamilika. Ninachokiogopa ni diski kufa, mashine kuibiwa, au mtu kuweka folda ya Trac kwenye diski ya mtandao ambako kufunga faili hakuaminiki na databesi inaharibika taratibu bila nyie kujua. Iweke kwenye diski ya mashine yenyewe.

Bakap usinakili trac.db kwa mkono wakati watu wanaandika. Trac ina yake:

`trac-admin /srv/trac/kazi hotcopy /bakap/kazi-ijumaa`

Inafunga databesi kidogo, inanakili mazingira yote pamoja na viambatanisho na trac.ini, inafungua, na wala huzimi seva. Folda unayoipelekea isiwepo tayari, ikiwepo inagoma, kwa hiyo kwenye cron, kile kipanga kazi cha Linux, weka tarehe kwenye jina. Kodi zenu za Git au Subversion (programu za kutunza kodi) hazimo humo, hizo zina bakap yake. Nakala itoke kwenye hiyo mashine, iende flashi, diski ya nje au mashine nyingine. Na ijaribu: iwashe kwa tracd poti 8001, fungua tiketi ya mwisho mliyoandika, uone kama ipo.

SWALI: Ofisini tulirithi Trac 1.2 kwenye mashine ya zamani, aliyeiweka alishaondoka. Tuiache tu? (Msomaji, Nairobi)

Msiiache. Hiyo inaendeshwa na Python 2, na Python 2 iliachwa tangu mwanzo wa 2020. Trac 1.6, iliyotoka 2023, ndo ya Python 3. Chukua hotcopy, ipeleke mashine mpya yenye 1.6, kisha endesha `trac-admin` na upgrade, halafu wiki upgrade. Kazi kubwa itakuwa programu-jalizi (plugins), yaani nyongeza za Trac, zilizoandikwa kwa Python 2 hazitawaka, kwa hiyo tazama folda ya plugins na sehemu ya [components] kwenye trac.ini uorodheshe zipo zipi kabla hujagusa chochote, na ile mashine ya zamani iachie iendelee kuwaka kwa kusoma tu mpaka wenzako wote wamehamia.