Maswali kwa Gereji: Pikapu Inayokula Matairi ya Mbele

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, ile yenye springi za bapa mbele, matairi 7.50R16. Tangu nibadilishe ncha za tairodi (bomba linalounganisha magurudumu mawili ya mbele), matairi ya mbele yanaliwa kingo za nje, yote mawili. Huku shambani hakuna mashine ya alaimenti, ya kupima mwelekeo wa magurudumu. Naweza kuipima mwenyewe?
Msomaji, Katavi

JIBU: Unaweza, ndugu. Ekseli yako ni kipande kimoja, hivyo kinachorekebishwa ni urefu wa tairodi tu. Kuliwa nje pande zote mbili ni dalili kwamba matairi yamebana ndani mno kwa mbele. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi: kikiteleza kutoka nje kwenda ndani na kukwaruzwa kikirudi, ndiyo hiyo.

Usipime kabla ya kukagua ulegevu, maana vipimo vitakudanganya. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia: likicheza, tazama ncha za tairodi. Litikise juu na chini: likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia.

Jaza upepo sawa, egesha kwenye sakafu tambarare. Inua mbele, weka stendi, paka chaki katikati ya tairi, kisha lizungushe huku umeshikilia msumari juu ya gogo lisilotikisika, ncha yake ichore mstari kwenye chaki. Mstari huo ndio utakaoupima, si rimu, kwa sababu rimu kuukuu nyingi zimepinda. Shusha gari, nyoosha usukani, lisukume mbele mita tatu au nne bila kulirudisha. Ukipima mara tu baada ya jeki, matairi bado yamejikunja.

Nyuma ya matairi futi haipiti, injini na chasi vinazuia. Tumia timazi: ishushe kutoka kwenye mstari, kimo cha katikati ya gurudumu, mbele na nyuma ya kila tairi. Weka alama nne sakafuni, ondoa gari, pima. Umbali wa mbele uwe pungufu kuliko wa nyuma kwa milimita 1 hadi 3. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kurekebisha tairodi, mwagia nyuzi zake oili usiku kucha, fungua klampu zote mbili, zungusha bomba kwa spana ya bomba. Ncha moja ina nyuzi za kushoto, kwa hiyo bomba hurefuka au kufupika bila kufungua kitu. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuifupisha kunapunguza kubana. Ikiwa mbele, kinyume chake. Zungusha kidogo kidogo: hata robo mzunguko huhamisha milimita kadhaa kwenye tairi. Bomba likiwa limepinda, badilisha. Kulinyoosha kwa nyundo ni kazi bure. Kaza klampu, sukuma gari, pima tena.

SWALI: Nimemaliza, lakini usukani umekaa upande na gari linavuta kushoto.
Msomaji huyohuyo

JIBU: Usukani rekebisha kwa fimbo inayotoka boksi la stering, usiung'oe na kuurudisha: boksi litakaa nje ya katikati na mchezo utaongezeka. Kuvuta upande hakutokani na tairodi. Hamisha matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto, gusa rimu uone kama moja ina joto kwa sababu breki yake inashika, kisha pima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kila upande. Vipimo vikitofautiana, huenda bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imehama.