Klabu yenu ndogo, andikeni historia yake sasa hivi wazee wakiwa bado wapo

Habari zenu wapendwa, leo naongea na nyie mlio kwenye vitimu vidogo vya ridhaa, iwe raga kama sisi, iwe netiboli, iwe riadha. Sisi tuko hapa Mbeya, wachezaji wengi ni vijana wa Mwanjelwa, wauza mitumba na bodaboda na mafundi, hamna hata mmoja anayelipwa. Mwaka jana tulienda kuomba jezi kwa mtu mmoja mwenye uwezo akatuuliza swali moja tu, klabu yenu ilianza lini na nani aliianzisha? Tulikuwa watu sita pale tukatoa majibu manne. Jezi hatukupata, na mi lile swali likaninyima usingizi kabisa.

Nikaanza vibaya, nililitupia kwenye grupu la WhatsApp. Siku tatu watu wanabishana, mwishowe aliyepiga kelele sana ndo ikaonekana anajua, wale wapole wanaokumbuka kweli wakanyamaza. Msifanye hivyo. Mfuate mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, kabla hajasikia cha mwenzake, na usianze na "mwaka gani" maana atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize alikuwa anaishi wapi, kazi gani, mtoto yupi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Miaka utaipata hukohuko.

Sasa kuna huyu mzee wetu wa kule Tukuyu, aliyetufundisha kushika ule mpira wa umbo la yai. Huku kwetu wengi mnajua, wanaume wa Kinyakyusa wamekwenda sana migodini, wengine Afrika Kusini wengine Copperbelt kule Zambia, na yeye raga aliijulia Kitwe akiwa kijana mgodini. Nimefika nikamwamkia, shikamoo mzee, akanikalisha kibarazani akaniletea chai, akaanza kusimulia mechi moja ambayo walifunga trai nne (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani), mikwaju ya kuongeza pointi baada ya trai yote wakakosa, na hawakupata pointi nyingine yoyote, wakamaliza na pointi 16. Dogo mmoja niliyeenda naye akamkatiza, "mzee hapana, trai nne ni 20." Nilimwambia akae kimya kwanza. Maana trai imekuwa ya pointi 5 kuanzia 1992 tu, kabla ya hapo tangu 1971 ilikuwa 4, na nyuma zaidi 3. Kwahiyo mzee hakukosea hata kidogo, na bila kumuuliza mwaka nikawa najua mechi yake ni ya kati ya 1971 na 1992, alafu nikaipunguza zaidi kwa kuwa alisema mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshaanza shule. Mtu akikupa matokeo ya zamani usiyarekebishe yafanane na sheria za leo! Yaandike kama alivyoyatamka, ndo ushahidi wenyewe huo.

Kitu kingine ambacho nilichelewa kukielewa, nilikuwa nawinda magoli tu, nani alifunga nani alishinda. Siku moja nikaenda Uyole kwa mama mmoja, mjane wa aliyekuwa mweka hazina wetu. Akaniambia "mwanangu mimi huo mchezo siujui ila nguo zenu nimezifua sana", akaingia ndani akatoka na daftari la kaunta lililofungwa na kamba ya katani. Jamani. Michango yote imo, chokaa ya kuchorea uwanja, milingoti minne na usafiri wake kwa ajili ya magoli, ndizi mikungu miwili, Kosta ya kwenda Iringa ambayo ni zaidi ya kilomita 300 na vijana walilipia nusu nusu, na pembeni kwa peni nyekundu majina ya wale ambao hawakuwa na hela wakachangiwa. Kuna jina la kijana mmoja fundi seremala limeandikwa "hakuja, ana kazi" Jumamosi nne mfululizo. Nikalia kidogo sitaficha, kwasababu huyo namfahamu, tulikuwa tunamsema kwamba aliikimbia timu.

Na hili sio la kwetu tu, raga yenyewe iligawanyika kwa jambo hilihili. Mwaka 1895 huko Huddersfield Uingereza klabu za kaskazini zaidi ya 20 zilijitoa kwenye chama cha raga, kisa wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani, wakienda kucheza Jumamosi wanapoteza mshahara wa siku, klabu zikataka kuwafidia na chama kikagoma. Waliojitoa ndo baadae wakawa raga ligi. Upande uliobaki kwenye chama, raga yunioni, ndo huu tunaocheza sisi, ukabaki ridhaa mpaka Agosti 1995, miaka 100 kamili. Kwahiyo ukiandika historia ya klabu ya ridhaa andika nani alipoteza kibarua, nani alilisha watu, nani alifua. Matokeo yaje baadae.

Kuhusu kutunza nitasema kifupi, picha zisikae kwenye simu moja, yangu iliingia maji na za misimu miwili zikaenda. Mkirekodi sauti ombeni ruhusa kwanza na mtaje tarehe mwanzoni kabisa mwa rekodi. Picha ya zamani andikeni majina nyuma kwa penseli, aliyesimama kushoto nani, aliyechuchumaa nani, leo leo msingoje. Na watu wawili wakipishana andikeni yote mawili na majina yao, msichague mshindi.

Daftari nilitaka kuliomba liwe la klabu, mama akakataa, akasema ni mwandiko wa mume wake. Nikamwelewa. Nikakaa naye sebuleni jioni nzima nikilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, yeye anafunua, mi napiga, akifika penye peni nyekundu anasoma jina kwa sauti na kuniuliza huyu yuko wapi siku hizi. Fundi seremala nimeshampigia, Jumapili tunaenda naye Uyole.