Kabla ya kutafuta mbia Ulaya, vuka Horohoro

Wiki iliyopita dada mmoja wa Pangani, anayeongoza kikundi cha familia zenye wagonjwa wa akili, aliniandikia: "Kaka, nyie wa Tanga wabia wa nje mmewapataje? Nipe majina na barua pepe zao." Tangu tuanze kushirikiana na wenzetu wa Kwale, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, swali hili naulizwa sana. Majina sitampa, hayatamfaa. Nitampa kisa chetu.

Sisi tulianza kama wazazi na ndugu waliozoeana kwenye foleni ya kliniki ya akili pale hospitali ya Bombo, Tanga. Hatukuwa na ofisi wala katiba. Kisha wakaja watu wa chuo kimoja cha Ulaya. Walikuwa wapole, walikaa nasi mikekani, wakala nasi. Waliahidi mafunzo kwa wahudumu wa afya ya jamii. Wakawahoji akina mama, mmoja mmoja, mpaka yale ya ndani kabisa yakasemwa. Wakaondoka. Mafunzo hayakuja. Ilikuja ripoti, na ndani yake picha ya kijana wa mwenzetu amefungwa kamba mguuni, uso wazi. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani. Hakurudi kikaoni tena, na mimi nikipita kwao Ngamiani ananiitikia salamu tu, basi. Imepita miaka na bado inaniuma.

Sisemi kwamba wageni hawafai. Lutindi, kule milimani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, na hadi leo wagonjwa wanatibiwa huku wakifanya kazi za mikono na za shamba. Waliokuja Lutindi walikaa. Tofauti iko hapo.

Ubia wetu wa kweli umeletwa na mgonjwa. Mdigo wa Mkinga, upande wetu, ana shangazi Lungalunga na mjomba Msambweni, upande wa Kenya. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 ulipita katikati ya koo. Kijana mmoja wa Duga alikuwa anachoma sindano ya kila mwezi na ametulia, anavua, anasaidia nyumbani. Akaenda kwa shangazi yake kwenye arusi, akakaa. Sindano ikapita. Alipoanza kukosa usingizi na kusema na wasioonekana, shangazi alimpeleka kituo cha afya kwa hekima kabisa, akaulizwa: anatumia dawa gani? Hakuna aliyejua jina. Akarudishwa kwetu ndani ya gari, mikono imefungwa kwa kanga.

Hapo ndipo tukawatafuta wenzetu wa Kwale, kikundi cha wazazi kama sisi. Hatukuwaomba fedha, hawakutuomba fedha. Tulikubaliana kadi moja ya mgonjwa: jina la dawa yenyewe, flufenazini au haloperidoli, siyo jina la kwenye boksi kwa sababu maboksi ya huku na kule hayafanani, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho, namba ya muuguzi. Huku tulipitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na mratibu wa afya ya akili. Wenzetu walipitia serikali ya kaunti, maana Kenya hospitali na vituo vya afya vya ngazi hiyo viko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Vikao vilikuwa virefu na vya kuchosha, nisiwachoshe navyo. Ila leo kijana wa Duga akivuka Horohoro anachomwa sindano yake Kwale kwa kadi yetu, na ninapoandika sentensi hii kifua kinajaa.

Sababu ya kulazwa hatuiandiki kwenye kadi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Kwetu Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Karatasi moja inayosomwa chini ya sheria mbili inaweza kumponza mtu.

Sasa nawaambia nyote mnaohangaika na maombi ya ufadhili usiku kucha: anzeni karibu. Mgonjwa wako anakwenda wapi akiondoka kwako? Huko ndiko aliko mbia wako. Na akija wa mbali, mpokee, lakini muulize kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla hajamhoji mtu. Mwambie kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwamba habari za afya ya mtu na uso wake havitoki nchini kiholela. Andikeni nani anabaki na nini. Akinuna, mwache aende. Uso wa mtoto wa mwenzio usiuuze kwa semina ya siku mbili na posho ya nauli. Usiuuze!

Wala ujuzi wenyewe hautoki Ulaya peke yake. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianza Harare kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mpaka apate hatua moja ya kutatua shida yake. Benchi hilo limefika Malawi, limefika Zanzibar.

Dada yangu wa Pangani, kwako wewe ni Zanzibar. Wavuvi wenu wanakwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi, Unguja na Pemba, na najua miongoni mwao wamo wanaoacha dawa nyumbani wakihofia kuchekwa chomboni. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake, kwa hiyo utaandika barua mbili. Anza na ya Mganga Mkuu wa Wilaya yenu. Ikishagongwa muhuri niandikie, nitakutumia nakala ya kadi yetu uibadilishe mnavyotaka.